Seli Nzima Zina Mwenyewe

Kwenye baraza letu, nyuma ya ofisi za mabasi pale Mwembe Tayari, kahawa tungu humiminwa baada ya Magharibi, na ubishi huanza kabla kikombe cha kwanza hakijazunguka. Jioni ninayoikumbuka, ubishi ulikuwa juu ya msako. Usiku uliotangulia askari walikuwa wamefagia mtaa: vijana wa bodaboda, wapiga debe, mama mmoja wa viazi karai, yeyote aliyekutwa nje baada ya saa tano. Walimbeba na rafiki yangu tuliyesoma naye madrasa, ambaye huwauzia abiria wa Nairobi maji ya chupa kupitia madirisha ya basi. Kosa lake hakuambiwa.

Ami mmoja, mwalimu mstaafu, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, akasema: "Mji huu una kensa, wanangu. Na kensa dawa yake ni kemo. Kemo yaua na seli nzima, hilo lajulikana, lakini mwisho mgonjwa hupona." Vichwa vikaitikia. Mmoja akasema wallahi ni kweli. Muuza kahawa akagonga vikombe vyake, akapita.

Mimi sikusema kitu. Mchana wa siku ile nilikuwa nimetoka kumkalisha khalati yangu kwenye kiti cha kemo kwa mara ya pili, na shati langu bado lilinuka spiriti ya hospitali. Nilihisi kuna kitu hakikai sawa katika maneno yale, ila sikuweza kukitaja. Haya ndiyo majibu yangu kwa ami. Yamechelewa miezi kadhaa.

Nianze na dawa yenyewe, maana wengi wetu tunaitumia kama mfano bila kujua inavyofanya kazi.

Khalati ana saratani ya titi. Dozi zake nne za kwanza zilikuwa za dawa mbili pamoja, kila baada ya siku 21. Moja ni doksorubisini, nyekundu kama sharubati ya harusini, ambayo wagonjwa wa nchi za Magharibi waliipa jina la shetani mwekundu. Mtu akiipata, hata mkojo wake hugeuka rangi kwa siku moja au mbili. Ya pili ni saiklofosfamidi, haina rangi, ukiitazama kwenye mpira wa dripu utadhani ni maji. Zote mbili huharibu DNA, yale maelekezo ambayo kila seli lazima iyanakili kabla ya kugawanyika. Seli ikijaribu kugawanyika na maelekezo yamevurugika, hufa. Saratani ni seli zilizoacha kusikia amri ya kutulia. Zinagawanyika tu, na nyingi zimepoteza ule ustadi wa kusimama, kukagua kilichoharibika na kukitengeneza. Seli nzima hujua kusimama. Hapo ndipo dawa inapopata nafasi yake: inawapiga wote, lakini mmoja anajua kujitibu kuliko mwingine.

Dawa haina macho. Haijui huyu ni mbovu na huyu ni mzima. Inamjua tu anayegawanyika. Na mwilini mna wengi wasio na hatia ambao kazi yao ndiyo hiyo, usiku na mchana. Kichwani, karibu nywele tisa katika kila kumi huwa ziko mbioni kukua wakati wowote ule. Utando wa ndani ya utumbo hujivua na kujivika upya kila siku tatu hadi tano. Uboho wa mifupa hutoa chembe nyeupe za damu, na zile ziitwazo neutrofili peke yake, ambazo ndizo za kwanza kukimbilia kijidudu kikiingia, hutengenezwa takriban bilioni 100 kwa siku. Ndiyo maana nywele hudondoka, mdomo hutoka vidonda, chakula hakikai tumboni, na homa ndogo inakuwa jambo la kukimbizana na tuktuk saa nane za usiku. Sisi tulikimbizana nayo mara moja. Kipimajoto kilisema 38.4, na tulikuwa tumeambiwa kikifika 38 tusingoje kupambazuke.

Kwa hiyo wanaoumia si seli zilizolala. Wanaoumia ni wachapa kazi. Nilipolielewa hili nilimfikiria rafiki yangu wa maji ya chupa. Msako nao haumjui mwovu, unamjua aliye nje. Na aliye nje saa tano za usiku pale stendi ni yule ambaye asipotoka hali. Wenye geti na mlinzi walilala salama. Mpaka hapa mfano wa ami unafaa kuliko alivyokusudia.

Lakini nenda nao mbele kidogo.

Siku 21 za nini? Nilidhani ni za kuipa dawa muda wa kufanya kazi. Nesi mmoja akanisahihisha huku akitafuta mshipa: dawa yenyewe haikai mwilini siku zote hizo. Siku zile ni za seli nzima. Chembe nyeupe hushuka chini kabisa kama siku ya 10 hadi ya 14 baada ya dozi, kisha hupanda tena, kwa sababu ndani ya uboho kuna seli mama, na nyingi kati ya hizo hukaa zimepumzika, hazigawanyiki, kwa hiyo dawa inazipita. Dhoruba ikitulia zinaamka na kujaza nyumba upya. Daktari hasogei kwenye dozi inayofuata mpaka damu ipimwe. Ikiwa chembe hazijarudi, unarudishwa nyumbani. Mara moja tulirudishwa na khalati, na dripu ikasubiri wiki nzima. Ratiba yote ya kemo, ukiitazama vizuri, imepangwa kwa kuwasikiliza wasio na hatia: kiasi gani wanaweza kubeba, wanahitaji siku ngapi, nani kati yao hatarudi tena.

Maana wapo wasiorudi. Nywele hurudi, utumbo hurudi. Misuli ya moyo, ambayo haigawanyiki ovyo, inapoharibiwa na ile dawa nyekundu hairudi, na kwa sababu hiyo daktari huhesabu jumla ya doksorubisini ambayo mtu amepata maisha yake yote na kuna kiwango asichokipita, hata kama saratani bado ipo. Niliposikia hilo nilikaa kimya muda mrefu. Kuna mahali ambapo tabibu huambiwa: hapa simama, hata kama adui bado yuko ndani.

Ni msako upi umewahi kuahirishwa kwa sababu damu ya mtaa haijarudi? Nani huuhesabia mtaa dozi zake?

Ukitoka baraza letu ukashika Barabara ya Jomo Kenyatta, utapita mnara wenye sanamu za askari, wa kumbukumbu ya Waafrika na Waarabu waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Nimeupita maisha yangu yote kama mtu anavyopita nguzo ya stima. Sasa nausimamia, kwa sababu dawa ya khalati ina ukoo wake katika vita ile ile. Gesi ya haradali ilitumiwa vitani kwa mara ya kwanza mwaka 1917, karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji. Waliovuta hewa ile na wasife siku hiyo walikutwa na damu iliyopungukiwa chembe nyeupe. Mwaka 1942, madaktari wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, Louis Goodman na Alfred Gilman, waliongoza jaribio la kumpa ndugu wa kemikali ile mgonjwa mmoja ambaye kumbukumbu zimemhifadhi kwa herufi mbili tu, J.D. Uvimbe ukayeyuka, kisha ukarudi, naye akafa mwaka huo huo. Habari zikafichwa kwa sababu za kivita mpaka 1946. Katikati ya hapo, Desemba 2, 1943, ndege za Wajerumani zilishambulia bandari ya Bari, Italia, na kati ya meli zilizozama ilikuwamo moja ya Wamarekani, John Harvey, iliyobeba mabomu ya haradali kwa siri. Wanajeshi na mabaharia zaidi ya 600 waliugua na zaidi ya 80 wakafa, bila kuwahesabu raia wa mjini ambao hakuna aliyewahesabu vizuri. Daktari wa jeshi, Stewart Alexander, aliona katika damu yao jambo lile lile: chembe nyeupe zimetoweka. Saiklofosfamidi, ile iliyofanana na maji katika dripu ya khalati, imetoka katika ukoo huo huo wa haradali.

Kwa hiyo tulijifunza kutibu kwa kutazama watu wazima wa afya wakiharibiwa. Sijui mtu afanye nini na habari kama hiyo. Khalati nilipomsimulia alisema, "Basi hao wa melini wanidai dua," akaendelea kuchambua mbaazi.

Narudi kwenye mnara. Wazee husema jina Mwembe Tayari lilitokana na misafara: chini ya mwembe ule wapagazi walikusanyika, mizigo ikafungwa, mtu akiuliza, tayari? Vita vilipokuja, upagazi ukawa wa lazima. Waafrika wa Carrier Corps, kikosi kilichotuachia jina la Kariakoo, walibeba risasi na chakula cha jeshi kutoka pwani hadi ndani ya Tanganyika, na waliuawa na maradhi na njaa kuliko walivyouawa na bunduki. Maandishi ya mnara yanaahidi kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao. Majina yenyewe hayakuandikwa. Walikuwa seli nzima za mwili wa nani? Nani alipona kwa kufa kwao? Hapo ndipo nilianza kuona kasoro ya mfano wa ami, lakini bado kwa mbali.

Aliyenisogeza karibu ni ustadhi wangu wa zamani. Nilimwandikia usiku, nikijua halali mapema, nikamuuliza kama dini inasema lolote juu ya kuwadhuru wasio na hatia ili wengine waokoke. Akanitumia sauti ya dakika kumi na moja kwa WhatsApp, na jogoo akiwika nyuma. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika al-Mustasfa, kitabu chake cha misingi ya fiqhi, anazungumzia watu waliomo chomboni baharini: wakimtupa mmoja wao majini, wengine wataokoka, wasipomtupa, watazama wote. Je, watupe? Hapana, asema Ghazali, hata kwa kura. Papo hapo anaugeukia mkono ulioshikwa na donda ndugu: waweza kukatwa ili roho ya mwenye mkono ibaki? Hapo anaona ruhusa yaweza kupatikana, kwa kuwa mtu huyu anadhuriwa kwa maslahi yake mwenyewe, na sheria inalijua jambo hilo, kama vile inavyoruhusu mtu kupigwa chuku atolewe damu. Ustadhi akaongeza, kwa uaminifu wake, kwamba kuna mahali pengine, katika mas'ala ya vita, ambapo Ghazali aliruhusu jambo zito zaidi, lakini akalifunga kwa masharti matatu: iwe dharura, iwe yakini, na manufaa yawe ya umma wote. "Na yakini," akasema ustadhi, "si kitu cha kuokota barazani."

Nilisikiliza sauti ile mara tatu. Mkono na chombo. Ukitazama kwa haraka ni jambo moja, wachache waumie wengi wapone. Lakini mkono hauna maisha yake mbali na mwenye mkono. Mkono haurudi nyumbani kwa mamake. Anayelipa na anayepona ni mtu mmoja. Chomboni, anayelipa anazama na wanaopona wanaendelea na safari, wanakula samaki wao. Seli za nywele za khalati hazikudhulumiwa na khalati. Hazina mwingine wa kuziuliza ila yeye. Rafiki yangu wa maji ya chupa si seli ya Mwembe Tayari. Yeye ni mgonjwa kamili, ana mwili wake, na ndani yake mna bilioni zake za neutrofili zinazotengenezwa leo hata akiwa ndani ya selo. Siku ya nne walimwachilia bila mashtaka. Katoni zake za maji zilikuwa zimekwenda, na dirishani pa basi palikuwa na mtu mwingine.

Lugha hii si ya ami peke yake. Sote tunaisikia: ufisadi ni saratani, ugaidi ni saratani, ukabila ni saratani. Aprili 2014, katika msako ulioitwa Usalama Watch, maelfu walikamatwa, hasa Eastleigh, na wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Miezi miwili kabla yake, hapa kwetu Majengo, watu zaidi ya 100 walibebwa kutoka Masjid Musa kwa siku moja. Sisemi hakukuwa na hatari. Mji huu umezika watu. Nasema ukishauita mtaa saratani, umeshajipa ruhusa ya kutohesabu. Susan Sontag, mwandishi wa Kimarekani aliyekuwa akitibiwa saratani ya titi, aliandika kitabu kizima juu ya tabia hii mwaka 1978, akionya kwamba kuliita jambo la kijamii saratani ni kuchochea ukatili. Mimi ningeongeza kuwa ni kumsingizia daktari pia. Daktari wa kemo anahesabu kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Ningeweza kukomea hapa, nikamshinda ami na nikanywa kahawa yangu kwa raha. Lakini sijakwambia khalati alifikaje kwenye kile kiti.

Majibu yalipotoka, daktari katika hospitali moja ya hapa mjini aliwaita wajomba zangu wawili pembeni, akawaambia wao. Khalati aliachwa kwenye benchi na mkoba wake. Mjomba mkubwa akatia sahihi. Kisha tukakutana sebuleni na tukaamua kuwa atakachoambiwa ni kuwa ana uvimbe, na kwamba kuna dawa ya kuusafisha. Nyumbani kwetu neno lenyewe halitamkwi, husemwa "ugonjwa ule". Wajomba hawakuwa watu wabaya. Walisema atakufa kwa hofu kabla ya maradhi, na waliwahi kumwona mtu akifa hivyo. Mimi nina digrii, na nilikaa pale nikaitikia. Nilimwambia kwa mdomo wangu: uvimbe tu, Khalati.

Siku ya 17 baada ya dozi ya kwanza, nywele zilikuja na kitana. Hazikudondoka kidogo kidogo kama kwenye filamu. Zilikuja fungu zima. Akakiangalia kitana, akaniangalia mimi. "Uvimbe gani huu, babangu, watibiwa kwa kunyolewa?" Nikasema ni dawa tu, zitarudi. Akasema haya. Akafunga kilemba, na dozi ya pili akaenda.

Ndiyo siku ile ami aliposema seli nzima zitaumia na mgonjwa atapona. Usiku nikiwa kitandani nikaelewa kwa nini nilinyamaza. Hoja ya mkono wa donda ndugu inasimama juu ya kitu kimoja: kwamba mwenye mkono yupo, na ndiye anayesema ndiyo. Ukimwondoa yeye, ukabaki wewe na mkono na kisu, huna tofauti na wale wa chomboni. Mwili wake, damu yake, ulimi wake, na sisi tulikuwa tumekaa sebuleni kwa kina mjomba tukiamua nini kitumbukizwe majini.

Nilimwambia baada ya siku mbili. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Nilitumia neno lenyewe. Mkono ukasimama.

"Nani ajua?"

"Sote, Khalati."

Akakuna tena kidogo, akaacha. "Ningekubali," akasema. "Nyinyi mkanikubalia."

Sijapata kusikia neno likibeba uzito kama lile. Kiswahili kina hiki kiungo kidogo tunachokichomeka mwishoni mwa kitenzi, nacho huleta mtu wa pili. Kupika, kupikia. Kusema, kusemea. Hakikuambii kama mtu yule wa pili amependezwa. Kumfanyia mtu kwaweza kuwa wema au uadui, na neno ni lile lile. Tulimkubalia. Tulidhani tumempikia.

Kuna wakati kumkubalia mtu ni haki. Mulago, Kampala, mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliwaona watoto waliovimba mataya kwa saratani ambayo sasa ina jina lake. Ilionekana kuwa uvimbe ule huyeyuka kwa kemo, wakati mwingine kwa dozi chache tu, na mwaka 1967 kikafunguliwa pale kituo cha kuwatibu, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mtoto wa miaka sita hawezi kusema ndiyo juu ya uboho wake. Mzazi humsemea. Mtu huyo lazima awepo, na aogope ipasavyo. Lakini khalati yangu ana miaka 54, amelea watu sita na mume mmoja, na anauza mahamri na mbaazi karibu na stendi tangu kabla sijazaliwa.

Mjomba mkubwa hakusema nami wiki mbili. Namwelewa. Bado nadhani alikosea, na mimi nilikosea kabla yake, kwa sababu mimi ndiye niliyemdanganya ana kwa ana.

Dozi ya tatu khalati aliingia na daftari ya mwanafunzi, ile ya kurasa 32. Hii nyekundu yaitwaje? Moyo wangu ulipimwa lini? Damu yangu leo ni ngapi? Daktari alishangaa kidogo kisha akakaa akamjibu, na nikaona jinsi anavyojibu vizuri akiulizwa. Dozi nne zikesha. Zikaja nyingine nne za dawa tofauti, paklitaseli, asili yake ni gome la mti. Hii huzishika zile nyuzi ndogo ambazo seli huzitumia kugawanyika. Bahati mbaya mishipa ya fahamu nayo hutumia nyuzi hizo hizo, si kwa kugawanyika bali kwa kusafirisha mahitaji yake hadi kwenye ncha za vidole. Baada ya dozi ya pili vidole vya khalati vikafa ganzi. Hakuweza kusikia unga umeumuka kiasi gani. Alishika sufuria ya moto na akajua kwa harufu.

Daktari akamweleza: ganzi hii huenda ikapungua na wakati, huenda nyingine ikabaki. Tunaweza kuendelea hivi hivi, tunaweza kupunguza kipimo, tunaweza kuacha hizi mbili. Akamwambia na faida ya kila moja na hasara yake. Khalati akaomba wiki. Mimi nilitaka amalize zote kwa kipimo kamili; nilikuwa nimesoma, nilikuwa na hoja, nilikuwa na kurasa zilizofunguka kwenye simu. Hakuniuliza. Wiki ilipokwisha akasema ipunguzwe, na kama ganzi itapanda hadi viganjani basi ya mwisho aiache. "Nataka kuishi," akamwambia daktari, "na nataka kukanda."

Ami nilimwendea baadaye. Nilimweleza yote haya kwa mpangilio mbaya kuliko huu, siku 21, chombo, mkono, kina mjomba. Alisikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi aliyechelewa kuleta kazi. Mwisho akauliza, "Sasa mimi niseme nini, kama si kemo?"

"Sema msako, Ami."

Akafikiri. "Hilo halina utamu," akasema.

Asubuhi hizi khalati amerudi mezani kwake, siku tatu kwa wiki. Mabasi yaliyotoka Nairobi usiku yanamwaga watu, na wengine wao, ukijua kutazama, wana bahasha kubwa za khaki kwapani. Kwa miaka mingi mtu wa Pwani aliyehitaji mionzi katika hospitali ya umma ilimbidi aifuate Kenyatta, na njia ile bado inajulikana. Khalati huwatambua kabla yangu. Huwaongezea hamri bila kusema kitu. Nywele zimeanza kurudi, laini kama za mtoto na zina mvi. Unga anaukanda kwa kiganja, si kwa vidole, na mafuta huyajaribu kwa kipande cha donge. Ladha ndiyo haijatulia. Kuna siku chumvi anaiona kama chuma, kuna siku haioni kabisa. Basi kila mbaazi zinapochemka na tui zito limeingia, hunichotea kijiko, akakipuliza, akaninyooshea.

"Onja wewe," husema. "Lakini usiniambie nzuri kama si nzuri."

Leo zilipungua chumvi. Nikamwambia.